Majina Nyuma ya Daftari

Mtu akiniuliza tena nina wafuasi wangapi, wallahi nitampiga na daftari. Sifanyi utani. Tangu wazungu wapate gesi huko baharini, kila anayeshuka hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, na mkoba wa kompyuta ananiuliza swali hilo hilo, na hakuna hata mmoja aliyesoma nilichoandika.

Naitwa Tuaibo. Natunga hadithi, tena kwa kalamu na daftari, kwa Kiswahili chetu hiki cha pwani. Kila sura naiandika kwa mkono mara tatu. Daftari moja linakwenda kijiji cha Olumbi, la pili wanalipeleka wachuuzi wa samaki kisiwani Rongui, na la tatu analichukua rafiki yangu Buanali, anayeuza kapulana, vitambaa vya kina mama, huko Pundanhar, bara. Anayejua kusoma anawasomea wenzake, kisha linahamia nyumba ya pili, na ya tatu. Likinirudia limechakaa, linanuka moshi na samaki, na mimi ndipo natoa sura inayofuata.

Nyuma ya kila daftari naacha kurasa tupu. Hiyo ni desturi yangu: ukisoma, au ukisomewa, andika jina lako na neno lolote. Basi mimi maisha yangu yalikuwa kwenye kurasa hizo. "Huyu mume mshenzi." "Tuaibo, ukimuua mama mkwe hatusomi tena." Mtu wa Rongui aliwahi kunijazia ukurasa mzima kwamba sijui pweza anapigwa vipi kabla ya kupikwa, na kweli nilikuwa sijui, nikarekebisha. Kwa miaka minne nilipata wasomaji wapatao sitini, na wengi nilikuwa nawatambua kwa mwandiko.

"Fungua ukurasa Facebook, kaka," Buanali hakuchoka kunisumbua. "Utapata watu elfu."

"Elfu ya kina nani? Huko kwako Pundanhar simu inashika wapi? Si mpaka mtu apande mti!"

"Wa Maputo watakuona."

"Wa Maputo wanasoma Kiswahili?"

Hapo anabeba kapulana zake anaondoka, ila akirudi anaanza upya.

Mwaka 2013 wilayani akaletwa mkuu mpya wa utamaduni, senhor Venâncio, mtu wa kusini, mpole, shati limenyooshwa hata siku za mapumziko. Kiswahili alikuwa anakiokota kidogo kidogo sokoni. Akaniita ofisini kwake akaniambia kuna nafasi: mkoa utachapa kitabu kimoja cha mtu wa wilaya yetu. Kitabu hasa, chenye jalada. Jamani, moyo uliniruka. Baba yangu alikufa akiniita mwandika barua, majirani wananiita Tuaibo wa madaftari, na mimi nilichokuwa natamani duniani ni kitu kimoja tu, kushika kitabu kilichoandikwa jina langu juu. Nilikuwa tayari kulala mlangoni pa ofisi ile.

Akatoa fomu.

"Facebook una wafuasi wangapi?"

"Sina."

"YouTube?"

"Sina, chefe. Mimi naandika."

Akashusha kalamu. "Sasa wakubwa wa mkoa kule Pemba watajuaje kama unasomwa?"

"Waje Olumbi wawaulize watu!"

"Pemba hawaji Olumbi, senhor Tuaibo. Pemba wanataka namba."

Nilitoka nimefura kwa hasira. Namba! Mtu amekesha na kurasa zako, amemlilia mtu ambaye hayupo duniani, halafu eti namba. Lakini kitabu nilikitaka. Nikajisemea, haya, wanataka namba, nitawapa namba. Madaftari ya sura ya tatu yalikuwa tayari kuondoka. Nikawaagiza Buanali na wale wachuuzi: safari hii asipite mtu bila kuandika jina. Kila nyumba. Jina kamili, la mtu na la baba yake.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa ni langu mwenyewe.

Maana tukumbuke siku zile zilikuwaje. Kila asubuhi kulikuwa na orodha mpya ya kampuni za gesi. Orodha ya walinzi, orodha ya wafagiaji, orodha ya wenye minazi na mikorosho itakayohesabiwa ili wenyewe walipwe. Ukionekana tu barabarani na karatasi na kalamu, watu wanakufuata na vitambulisho mkononi. Mimi yote hayo nilikuwa nayaona kwa macho yangu, na bado nikayatoa madaftari matatu yakapite nyumba kwa nyumba kukusanya majina.

Yaliporudi sikuamini. Kurasa za nyuma zilikuwa zimejaa mpaka Buanali akaongeza karatasi nyingine akazishona kwa uzi. Majina mia tatu arobaini na moja! Niliyahesabu mara mbili, nimekaa barazani nacheka peke yangu.

Mke wangu Zuleica akayapitia huku anachambua mchele. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Baba Atija, mbona huyu ameandika minazi kumi na minne?"

"Sura ya tatu si ile Zubeida anapigania minazi na kaka yake? Imemgusa. Naye kumbe ana yake."

"Na huyu: naweza kupika chakula cha kizungu?"

"Zubeida anapika humo."

"Chakula cha kizungu?"

"Zuleica, kwani lazima uniharibie?"

"Na namba za vitambulisho, je? Tena hakuna hata mmoja aliyekutukana. Siku zote wanakutukana."

"Wananiheshimu sasa!" nikafoka. "Mtu akiheshimiwa ndani ya nyumba hii inakuwa kesi!"

Akarudi kwenye mchele wake. Najua, najua. Wewe unayesoma ulishaelewa zamani. Mimi sikutaka kuelewa, ndiyo maana sikuelewa.

Venâncio alipoziona kurasa zile alishangaa "Epá!" mara tatu. Akaandika namba kwenye fomu kwa penseli. Ikabaki jambo moja: Jumamosi nisome sura ya kwanza kwenye ukumbi wa mikutano, apige picha watu wamejaa, aambatishe na yale majina, na wino utafuata. Nikawatumia watu habari: wote walioandika majina waje Jumamosi saa nne.

Na walikuja. Mungu wangu, walikuja! Watu wamejaa mpaka madirishani. Wanaume wamevaa mashati ya Idi, kina mama kapulana mpya, na kila mmoja ana mfuko wa plastiki wenye karatasi zake. Nikasema moyoni, tazama watu hawa, wamevaa kwa ajili ya hadithi. Nilitaka kulia. Venâncio alikuwa pembeni na kamera, anatabasamu. Zuleica alikaa nyuma kabisa na hakutabasamu.

Nikafungua daftari. Ukumbi ukatulia, utulivu ambao sijawahi kuupata maishani mwangu. Nikasoma mstari wa kwanza wa kitabu changu:

"Zubeida Aiuba aliamka kabla ya mumewe..."

"Presente!"

Sauti ilitoka katikati, kama ya mtu anayeitikia jina lake kwenye orodha: nipo! Mama mmoja wa makamo alisimama, mkono juu. Watu wakampigia makofi, kina mama wakapiga vigelegele. "Hongera, mama! Wa kwanza!" Akapita kati ya watu huku anafungua fundo la kanga yake, akatoa kitambulisho, akaja kusimama mbele yangu. Miguu yake ilikuwa imejaa vumbi jekundu mpaka magotini.

"Nimefika, mwanangu," akasema. "Nisimame upande gani?"

Na mzee aliyekaa safu ya mbele akasema, "Soma upesi, bwana, sisi wa Olumbi tuna safari."

Nikaacha kusoma. Nikamtafuta Buanali kwa macho, nikamkuta karibu na mlango.

"Buanali! Uliwaambia ni nini?"

"Niliwaambia ni hadithi!" akajibu kwa sauti ya kulia. "Wallahi niliwaambia! Wakakonyezana. Wakasema ndiyo, hadithi, tumeelewa. Wanasema kazi nzuri hazitangazwi waziwazi."

Venâncio hakuwa ameelewa yote, ila ya kumtosha alielewa. Akanisogelea sikioni. "Endelea kusoma. Nipige picha tatu tu. Utawaambia baadaye."

Picha tatu. Nilijua maana yake: jalada, jina langu juu, basi. Nilitazama daftari. Mstari wa pili ulikuwa na jina jingine, wa tano nao una jina, na najua wangesimama na hao pia. Yule mama alikuwa bado amenyoosha kitambulisho.

"Hakuna kazi," nikasema.

Hawakusikia. Nikapiga kelele. "Hakuna kazi! Hii si orodha! Ni hadithi, nimetunga mimi, kwa kichwa changu! Nisameheni."

Kisha yule mzee wa Olumbi akauliza, polepole, "Sasa majina yetu umeyapeleka wapi?"

"Sijayapeleka popote. Nilitaka kuonyesha kwamba mnanisoma."

"Tunakusoma?" Aliwageukia wenzake. "Hivi kuna mtu anamsoma huyu?"

Wakacheka, na kile kicheko ndicho kilichoniuma kuliko matusi yaliyofuata. Maana matusi yalifuata, tele. Mmoja akasema nimeuza majina yao kwa wazungu. Mwingine akasema hata wewe Tuaibo, mtoto wa hapa hapa. Wakaja mbele, wakayachukua madaftari mezani, ya zamani na mapya, na kila mtu akawa anatafuta jina lake achane karatasi, na aliyeshindwa kusoma akachana yoyote iliyokuwa karibu. Sikuwazuia. Kurasa za nyuma ziliisha, wakaingia kwenye hadithi yenyewe. Buanali aliokoa daftari moja kwa kulikalia.

Nusu saa baadaye ukumbi ulikuwa mtupu. Venâncio aliokota karatasi mbili tatu sakafuni, kiungwana, akaziweka mezani. Kisha akatoa kifutio mfukoni na kuifuta ile namba kwenye fomu.

"Chefe, wapo sitini," nikamwambia. "Hao sitini ni wa kweli. Nawajua kwa mwandiko."

"Wako wapi?"

Nikaangalia karatasi zilizochanika. "Walikuwa humo."

"Pole sana, senhor Tuaibo," akasema, na alimaanisha. "Fungua ukurasa. Hata mdogo." Akaondoka na kamera yake.

Ningempiga na daftari siku ile ile, lakini lilikuwa moja tu, na Buanali alikuwa bado amelikalia.

Ndipo nikamwona yule mama. Alikuwa amekaa kwenye benchi ya mbele, amevua ndala, anajikanda nyayo. Nikamwendea kumwomba radhi.

"Nimetembea siku mbili kutoka Pundanhar," akasema. Hakuwa na hasira, amechoka tu. "Nikasikia umeniita wa kwanza. Wa kwanza, mbele ya watu wote."

"Sikukuita wewe, mama. Yule ni Zubeida wa kwenye hadithi. Jina nililitunga."

"Ulilitunga!" Akanitazama kama mtu anayetazama mwizi. "Jina hili nimepewa na marehemu baba yangu, Aiuba, na kila mtu Pundanhar anamjua. Wewe ulilitunga lini?"

Zuleica alikuja na maji, akampa, akakaa karibu naye. Buanali akasema gari la kwenda bara ni kesho asubuhi, na mama atalala kwetu. Mama akanywa maji yote. Akalitazama daftari mikononi mwa Buanali.

"Na huyo Zubeida wako anafanya nini humo?"

"Anamwacha mumewe," nikasema. "Anavuka bahari, anaanza maisha yake upya. Sura tisa nimeshaandika." Nikajisikia sauti inanipanda. "Nikusomee, mama? Nikusomee hapa hapa?"

Alifikiri. Akajinyoosha juu ya benchi, akakunja mfuko wake wa plastiki wenye zile karatasi na kuuweka chini ya kichwa, akajifunika kanga usoni.

"Haya, soma," akasema kutoka chini ya kanga. "Ukifika kwenye kazi, niamshe."