Kazi ya Kuchunga Moto

Ladislaus alipochoma ghala la kahawa la jirani yao, Mzee Mansuetus, alikuwa amelewa, na moyoni ana hasira ya mpaka wa shamba. Hakufa mtu. Lakini kijiji chote cha Ukata kilinusa kahawa ikiungua mpaka kulipokucha, na harufu ile haikuwatoka watu.

Sasa alikuwa anaachiwa kwa parole, amalizie kifungo uraiani, mradi apatikane mtu wa kumpa kazi. Wazazi wake walishafariki. Mzigo ukamwangukia shangazi yake, Benadetha. Alikwenda Mkumbi kwa wenye mashamba, akaenda Mbinga mjini kwa wakoboa kahawa. Walimkaribisha ugali, wakamsikiliza, wakamsindikiza hadi njiani. Hakuna aliyesema hapana, wala aliyesema ndiyo.

Ndipo akateremka ziwani, Mbamba Bay, bila jina la mtu yeyote kichwani. Ziwa lilikuwa limetulia hata likaungana na mbingu, mitumbwi ikaonekana kama imening'inia hewani. Alitembea ufukweni kama mtu aliye usingizini, akifuata moshi, mpaka kwenye banda la nyasi ambamo mama mmoja alikuwa anageuza samaki aina ya mbasa juu ya kichanja cha kukaushia kwa moshi. Jina lake Winifrida.

"Namtafutia kazi mtoto wa kaka yangu," Benadetha alisema baada ya salamu. "Sitakuficha, dada. Yuko gerezani. Alichoma ghala la mtu."

"Na wewe unamleta kwenye moto?"

Benadetha akainamisha kichwa. Winifrida akageuza samaki wengine wawili watatu.

"Moto anaupenda au anauogopa?"

"Anauogopa. Hata jikoni kule gerezani aliomba asipangwe."

"Basi mlete. Wasiouogopa wameshaniunguzia mabanda mawili."

Afisa wa magereza alikuja kuliona banda, akamhoji Winifrida, akaridhika. Ladislaus akafika, amekonda, anaongea kwa sauti ya chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kiberiti hicho hapo."

Ladislaus akakichukua. Njiti ya kwanza ikazima, ya pili ikamdondoka. Winifrida hakumharakisha, aliketi akiparua samaki, akiimba wimbo wa kanisani kwa Kinyasa. Mwishowe kuni zikashika. Akachuchumaa kando ya kuni, akiutazama ule moto mdogo bila kupepesa.

Wiki zikapita, zote za rangi moja, rangi ya moshi na maji. Asubuhi moja akaona wingu jeusi limesimama katikati ya ziwa. Akaruka.

"Mama! Ziwa linaungua!"

Winifrida akacheka mpaka akashika kiuno. "Ni kungu huyo. Vijidudu tu, vinazaliwa majini."

Wingu likaja polepole, likaingia ufukweni, likawafunika. Ladislaus alifumba macho akingoja joto. Halikuja. Vijidudu vilimgusa mashavuni laini kama unga, vikapita zake kuelekea milimani. Alipofumbua macho, machozi yalikuwa yanamtoka, naye anacheka.

Mchana ule usingizi ulimchukua palepale kando ya kichanja, mkono chini ya shavu. Winifrida alitaka kumwamsha, maana kuchunga moto ilikuwa zamu yake. Akamtazama, akavuta kigoda taratibu, akaanza kugeuza mbasa mwenyewe.