Kumbukumbu Zinaanza Leo

Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda kupanda feri, Mbeyu alimfunga babake leso kiunoni, akapiga fundo mara mbili. Mzee Kahindi alikuwa amekataliwa langoni asubuhi nane mfululizo, na kila akikataliwa alipungua uzito. Sasa miguu yake haikugusa sakafu. Agneta, jirani yao hapo Shika Adabu, aliwaona wakipita akasema tu, "Mshike vizuri, leo kuna upepo."

Kahindi alikuwa kibarua wa kubeba magunia kwenye ghala moja la Changamwe. Zamani mnyapara ndiye aliyechagua wa kuingia. Siku hizi lango lina kamera, na nyuma ya kamera kuna mashine iliyofundishwa kutambua nani atamaliza zamu. Aliyeifundisha ni Mbeyu mwenyewe, aliyeajiriwa ghalani humohumo, na hilo ndilo lililomla moyo.

Kosa lake ni la watu wa kazi hiyo. Aliifundisha mashine mara mia mbili na ushee, na kila jaribio akalihifadhi kwa jina la haraka: ya mwisho, ya mwisho kabisa, ya mwisho kweli. Mojawapo ilimpitisha babake. Aliiona kwa macho yake mwezi wa pili. Ipi? Hata ungemlisha yamini asingekwambia.

Bramwel, meneja wake, alimpa hadi Ijumaa apendekeze programu ya kuweka kumbukumbu za majaribio. Zilikuwa tatu. Mbeyu alizijaribu zote, hali wala hanywi, akitafuta ya kumrudishia lile jaribio. Ya kwanza ilichora grafu za kupendeza. Ya pili haikuhitaji intaneti. Ya tatu ilihifadhi kila kitu, hata picha zilizotumika kufundishia. Zilipoulizwa ya nyuma, zote zilijibu vilevile: kumbukumbu zinaanza leo.

Alhamisi mzee alipaa hadi kwenye mabati ya paa. Alikunywa uji kwa mrija mrefu, akalalamika kwamba haukutiwa sukari.

Ijumaa Mbeyu aliweka haya kando. "Bosi, tuizime kamera wiki moja tu, niitafute ile iliyompitisha mzee wangu."

"Ndiye yule anayeelea?"

"Ndiye."

"Pole sana," alisema Bramwel, na alimaanisha. "Lakini mashine inapatia tisini na sita kwa mia. Siizimi kwa ajili ya mtu mmoja." Akachagua programu ya kwanza, kwa sababu ya grafu.

Jioni Mbeyu alimkuta babake juu kule, mgongo umegusa mabati, anamtazama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mmepata?"

"Tumepata."

"Itanikumbuka?"

Mbeyu alilia, wala hakujificha. "Itakukumbuka kuanzia kesho."

"Basi niteremshe mapema, tusije tukachelewa foleni."

Asubuhi mafundo yalikuwa matatu. Walipofika langoni, watu waliwapisha, na Mbeyu akamvuta babake hadi uso wake ukawa sawa na kamera. Kahindi alivua kofia. Kwenye grafu mpya ikatokea nukta nyekundu, ya kwanza kabisa, na jina lake na saa yake: amekataliwa. Hakuna kilichosahauliwa.

Mbeyu aliifunga ncha ya leso ya babake kwenye chuma cha lango, akavuta kuona kama imekaza, kisha akaingia kazini.