Nguzo ya Novemba

Miaka minne Gozbert hakuulizwa kitu na mtu yeyote. Aliamriwa tu: hamia huku, lima pale, changia hiki. Kwa hiyo siku wasichana wawili wa darasa la sita walipoingia uani kwake na daftari, wakasema wametumwa kuuliza, aliwatazama kama watu waliopotea njia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Kuuliza nini?"

"Mwalimu Malongo anatufundisha kukusanya habari na kuzipanga," alisema Jovina, yule mrefu. "Kila nyumba tunauliza: tangu mhamie kijiji hiki wamekufa wangapi, na mwezi gani."

Mwenzake, Semeni, binti wa mwenye duka, alikuwa akihangaika na kuku. "Na kuku tunaandika, babu, lakini wako hawatulii wahesabiwe."

"Mmoja," Gozbert alisema. "Mke wangu, Restituta. Novemba ya sabini na nne, mwaka ule ule waliotuhamisha."

Jovina akachora kijiti kimoja. Gozbert aliwakaribisha ndizi za kuchoma, jambo ambalo majirani walikuwa hawajaliona tangu afiwe.

Ijumaa wazazi waliitwa darasani. Watoto walikuwa wamebandika karatasi za mifuko ya saruji ukutani, wakaandika miezi chini, na juu ya kila mwezi wakasimamisha nguzo ya rangi ya bluu kwa idadi ya waliokufa. Miezi mingi ilikuwa na nguzo fupi kama visiki. Novemba ya sabini na nne ilipanda mpaka karatasi ikaisha, wakaunga kipande kingine juu.

Gozbert aliachia shule darasa la pili, lakini ile hakuhitaji kusomewa. Ndiyo maneno aliyokuwa akiyasema kila anapokunywa rubisi, watu wakamwita mlevi. Jirani yake Bernadetha alisimama kando yake, mikono kichwani.

"Wangu wawili wamo humo," alisema.

"Na wangu," Gozbert akajibu.

Jumatatu akafika Katibu Kata. Wageni kutoka wilayani walikuwa waje Jumatano kuona maendeleo ya kijiji. Gozbert alipomwona anaelekea shuleni alimfuata, akasimama dirishani.

"Mwalimu, hii nini?" Katibu aliuliza.

"Vifo kwa miezi, ndugu Katibu."

"Tangu lini mwezi ukaua mtu?" Katibu alicheka kidogo. "Watu wanakufa kwa magonjwa. Wafundishe watoto kupanga vizuri. Hesabu ni zile zile, panga kwa magonjwa."

"Mwezi haukuua," Gozbert alisema kutoka dirishani. "Ni ninyi, mliong'oa mapaa mvua ikinyesha."

"Mzee Gozbert, leo umeianza asubuhi?"

"Sijanywa."

"Basi nenda kanywe."

Watoto walicheka. Mwalimu Malongo akaanza kubandua karatasi bila kugeuka. Mtu mwenye chaki na mshahara, Gozbert aliwaza, na kumbe ana woga kunishinda.

Mchana wasichana walirudi. Semeni hakugusa kuku.

"Babu, mke wako aliugua nini?"

"Alihamishwa."

"Huo si ugonjwa, babu," Jovina alisema taratibu. "Kuna homa, kuhara, kifua, uzazi na uzee."

"Asubuhi ile alikuwa anamenya ndizi, mzima kama wewe. Mgambo wakaja, wakavuta paa. Wakatuleta hapa, wakatuonyesha vijiti vinne ardhini, wakasema ndiyo nyumba yetu. Siku kumi na moja tulilala chini ya nyasi, tunanyeshewa. Akaanza kutetemeka. Zahanati yenyewe ilikuwa bado ni ahadi. Nani angeniambia ni ugonjwa gani?"

Jovina aliinamia daftari. "Mwalimu amesema asiyejulikana ugonjwa anaondolewa kwenye hesabu."

"Anaondolewa?"

"Ndiyo, babu."

Gozbert alishika mwimo wa mlango. Akinyamaza, Restituta atakuwa hakufa; Katibu atakuwa amepunguziwa mmoja. Akitaja ugonjwa, atakuwa amewasaidia wale wale waliovuta paa. Wasichana walingoja. Jua lilikuwa kali na walikuwa na nyumba nyingine kumi na tatu.

"Andika homa," alisema.

Jumatano wageni walipiga makofi. Nguzo tano, zimepakwa vizuri, wala hakuna iliyohitaji kuungwa karatasi. Mmoja wao alisema vijana hawa watalijenga taifa, kisha wakaenda kula. Gozbert aliingia darasani. Jovina alikuwa anafagia.

"Nionyeshe alipo."

"Hapa, babu, kwenye homa."

"Homa naiona. Yeye yuko wapi?"

Jovina aliweka kidole katikati ya ile bluu, akakipandisha kidogo, akakishusha, akakiondoa.

"Yumo na wenzake."

"Wale wa Novemba?"

"Wa miezi yote. Hata babu yake Pancras wa darasani kwetu yumo, yule aliyekufa juzi."

Mzee yule alikuwa amekufa kitandani kwake, chini ya bati, amezungukwa na wajukuu.

"Nani alisema Restituta aliumwa homa?"

Msichana aliacha kufagia. Hakujua kama babu anamtania.

"Si wewe mwenyewe, babu?"

"Ndiyo," Gozbert alisema. "Ni mimi."