Peremende kwenye Feni

Mimi si mtu wa kusemwa nikanyamaza. Lakini Suat-go alipofungua dirisha la jikoni kwake, ng'ambo ya uchochoro, akasema anahamia kwa bintiye Taipei baada ya mwaka mpya, nilizima jiko kwanza.

"Kisa?" nikauliza.

"Kisa hilo lifeni lako la kutolea moshi! Ukikaanga samaki tu, sufuria zangu zinatetemeka ukutani. Kichwa kinaniuma, shoga yangu. Nimechoka."

Sisi tumezeekea kwenye madirisha yanayotazamana. Akikosa tangawizi, namrushia. Nikipika uji wa samaki, kikapu kinavuka uchochoro kwenye mpini wa ufagio. Mume wangu Bun-hiong alizoea kututania, "Mngeolewa na mume mmoja mkaokoa gesi!" Jamani, mwanamume yule! Huu ni mwaka wa tatu tangu afariki, na kicheko pekee kinachoingia jikoni kwangu kinatoka kwa Suat-go. Akihama, nitapika nimwonjeshe nani?

Nikamwita fundi Iong. Akaweka raba chini ya mota. Akabadilisha bomba la bati.

"Bado!" Suat-go akapaza sauti, kaegemea dirisha kama refa.

Basi fundi akaifungua feni yote. "Mama, nani kabandika gundi huku? Panga moja limelemewa, ndiyo maana feni inayumba."

Donge gumu, jeusi kwa mafuta. Nililifuta kwa kidole nikaona alama ya dole gumba, pana. Nikajua la nani.

Kila mwezi wa kumi na mbili, tukimuaga Mungu wa Jiko aende mbinguni, tunampaka peremende inayonata mdomoni ili akatusemee mazuri tu. Bun-hiong alikuwa akikata kipande kingine, anaibandikia feni. "Na hili nalo lisitusengenye!" Baada ya hapo huja usafi wa mwaka, naye huiosha feni mwenyewe. Mwaka ule wa mwisho alibandika, ila usafi haukumkuta.

"Nikwangue?" fundi akauliza. Nikauzuia mkono wake.

"Kuna nini huko?" Suat-go akauliza. Nikamwonyesha panga dirishani. Akalitazama kweli.

"Peremende hiyo nilikuwa nampa mimi," akasema. "Kila mwaka. Namwambia, Bun-hiong, kalizibe mdomo hilo lifeni lenu."

Tulicheka hadi fundi akaweka bisibisi chini. Kisha nikamwona mwenzangu anajifuta macho kwa kitambaa cha vyombo, na mimi nikalia waziwazi, sikujali fundi.

"Usikwangue," Suat-go akasema. "Kelele nitazivumilia."

"Na Taipei je?"

"Taipei nikafanye nini? Nitamwambia binti aje yeye."

Nikachukua kisu nikakwangua mwenyewe. Bun-hiong asingeacha jiko chafu hivyo. Donge nikaliweka kwenye kisahani, mbele ya picha yake.

Jioni nikakaanga samaki.

"Mbona huwashi feni?" Suat-go akauliza.

"Inazunguka!"

Akatega sikio. Feni haikusikika.

"Basi piga kelele wewe," akasema. "Nisikie kama kuna mtu huko."