Harusi Juu ya Kituo cha Jua

Asubuhi ya harusi ya binti yake, mshonaji alipiga magoti nje ya uzio wa kituo cha jua, pini mdomoni, akimpunguzia bwana harusi suruali kiunoni. Wageni walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki vya kukodi, nyuso juu, miwani ya jua usoni. Walikuwa wakisubiri jua lilipuke.

Ndani ya uzio, fundi mitambo, ambaye watu wote walimwita Masikio, alikuwa akipangusa vumbi kwenye skrini. Kituo chake kilikuwa kimoja katika mtandao wa vituo uliozunguka dunia nzima. Jua likizama hapa, kituo cha magharibi huendelea kulisikiliza, ili lisipate nafasi ya kufanya mambo yake kwa siri. Antena ilinasa mawimbi ya redio yatokayo kwenye jua na kompyuta ikayachora kwa rangi. Jua likitulia, skrini ilikuwa buluu. Likilipuka, mstari wa njano ulishuka, na wale waliohamishwa kupisha kituo wakapaa.

Ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Mtambo ulihitaji mahali patulivu, pasipo na simu wala mashine za kuchomelea, kwa hiyo mtaa mzima ulisombwa kwa malori na nyumba zikalazwa kwa tingatinga. Meneja wa kituo aliuandikia mtandao kwamba kiwanja kilikuwa pori tupu, na pori halilipwi fidia. Jua lilipolipuka mara ya kwanza, wakazi wa pori tupu waliinuka, wakavuka uzio, na kila mmoja akasimama hewani juu ya sakafu yake ya zamani. Majirani waliokuwa na ugomvi wa ukuta waliuendeleza palepale.

Meneja alilalamikia vivuli vyao tu. Vituo vingine navyo vilikuwa na mambo yao. Kile cha mashariki kiliripoti kwamba jua likilipuka masufuria yao huimba, na hawakuomba msaada.

Kisha mtandao ukakipongeza kituo kwa kugundua mlipuko wa aina mpya, mistari iliyonyooka kama meno ya kitana. Ilikuwa simu ya shangazi wa bibi harusi, ikilia kifuani mwake akiwa angani sebuleni kwake. Meneja alikuwa ameshakata keki. Tangu hapo tangazo lilibandikwa getini: WANAOPAA WAZIME SIMU.

Mshonaji alikuwa na neno moja tu: binti yake ataolewa nyumbani kwao. Alimzaa katika chumba cha nyuma cha nyumba ile, na alikuwa amejiapiza kumtoa mlangoni pake akiwa na shela. Meneja alikataa kufungua geti. Likabaki jua, nalo lilikuwa limenuna wiki nzima.

"Masikio, mwanangu, vipi huko?" aliita.

"Bado, mama. Imetokea milipuko miwili, ya harakaharaka. Haifai. Inawainua na kuwabwaga hata uzio hamjavuka."

"Sisi tunataka ule mrefu."

"Najua, mama. Mashariki wanasema lile doa kubwa la jua limegeuka, sasa linatutazama sisi."

Spika ikaanza kuchachatika kama mafuta ya moto yaliyotiwa kitunguu. Njano ikafunika skrini yote, ikagoma kuondoka. Masikio akapiga kelele za furaha. Nje, wageni wakaachana na viti vyao.

Kinyozi alibaki chini. Yeye ndiye bwana harusi, na hakuwahi kuishi pale.

"Mnaniacha!"

"Nishike mguu!" bibi harusi akamwambia.

"Mshike vizuri, ndo ndoa hiyo!" shangazi akasema kutoka juu.

Akaukamata mguu kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaishika suruali, maana bado ilikuwa na pini. Msajili wa ndoa, aliyewahi kupanga chumba pale enzi za ukapera, alipaa bila shida, ila alisimama upande wa wapangaji, ikabidi afungishe ndoa kwa kupaza sauti.

Mshonaji akasimama mlangoni pake. Mlango haukuwapo. "Taratibu, hapo pana kizingiti," akawaambia, na wote wakainua miguu, wakavuka. Kwa furaha akaanza kucheza, na hewani miguu haina kazi, hivyo hakuchoka.

"Simu zimezimwa?" meneja akauliza kutoka chini, mwavuli mkononi.

"Zimezimwa!" wakaitikia maharusi na wageni.

Njano ilipofifia, walishuka polepole, wakatua kwenye kokoto za kituo. Meneja akatoka na pongezi za mtandao: mlipuko mrefu na safi kuliko yote ya mwaka, kutoka eneo lisilo na wakazi. Aliwasomea kwa sauti, na wageni wakampigia makofi, kwa kuwa siku yenyewe ilikuwa ya makofi. Kisha akamwashiria mlinzi wa geti awatoe.

Mlinzi akafungua geti, akawapa mkono mmoja mmoja.

"Hongera, mama. Karibuni tena."

"Mwanangu," mshonaji akamuuliza, "mwenye nyumba naye hukaribishwa kwake?"

Mlinzi akacheka, mshonaji akacheka, shangazi akacheka hadi akamwegemea bwana harusi, na kicheko kikaenda nao nje mpaka mtu wa mwisho. Mlinzi, bado akijifuta machozi, akafunga geti kwa kufuli.