Kilo Ishirini na Sita

Jirani wa upande wa kushoto anasimulia kwamba farasi alipiga magoti. Anasema aliona kwa macho yake mawili, Alhamisi saa kumi alasiri, akiwa amepanda juu ya ndoo ili afikie ukuta: mtoto aliletwa, farasi akamtazama kuanzia kofia mpaka viatu, akashusha pumzi, kisha akapiga magoti kama mtu anayeomba radhi kabla ya kukosa. Ameshawaambia wa nyumba ya tatu, wa dukani na mke wa fundi bomba, na kila akisimulia farasi anazidi kuwa na adabu. Mara ya mwisho alikuwa anatoa machozi.

Uongo mtupu. Farasi aliinamisha shingo akala nyasi, basi. Nyasi zenyewe zilikuwa pambo, marobota manane yaliyopangwa kando ya ukuta ili watoto wakae wapigwe picha, na hakuna aliyemwambia farasi kuwa lile ni pambo. Aliyekuwepo, tena karibu kabisa, ni Dada, na Dada hatii chumvi ila kwenye chakula.

Dada ndiye anayefanya kazi katika nyumba ile. Ana jina lake, alipewa na mama yake, lakini humo ndani hata baba mwenye nyumba, anayemzidi miaka ishirini na ushei, anamwita Dada. Huu ni mwaka wa nne anamwogesha mtoto wao, anamsuka, anamlisha, anambembeleza akiota vibaya. Mtoto wanamwita Kipusa. Jumamosi ile alikuwa anatimiza miaka saba: mzito wa mwili, mwepesi wa kucheka, na chochote chenye miguu minne akikiona barabarani lazima akisalimie.

Mambo ya sherehe yalianza mwezi mzima nyuma, siku mama mdogo wa Kipusa alipokuja na simu mkononi.

"Mabinti wa kifalme wameshafanywa na kila mtu," alimwambia dada yake, Mama Kipusa. "Mama Pacha mwaka jana kafanya samaki, na bwawa la kuogelea juu. Wewe fanya kaboi. Na farasi."

"Kaboi ndiyo nini?" Dada aliuliza, akiweka chai mezani.

"Wachunga ng'ombe, Dada. Wa kwenye sinema. Huwezi kuwajua."

Dada alirudi jikoni. Alichunga ng'ombe wa baba yake tangu anaota meno ya pili mpaka alipomaliza darasa la saba, mvua yake jua lake, na kofia pekee aliyowahi kuvaa huko ilikuwa mfuko wa sukari. Lakini hakuulizwa, na yeye si mtu wa kujipachika kwenye mazungumzo ya watu.

Likaundwa kundi la simu. Mama Kipusa mwenyekiti, mama mdogo katibu, wajumbe wanne, kana kwamba kuna nchi inadai uhuru. Wajumbe hawakuwa na la kusema. Walituma vidole gumba na vikopa vya mapenzi. Kwenye kundi hilo liliamuliwa jambo la fulana zenye nyuzi zinazoning'inia, jambo la buti za plastiki, jambo la ubao wa kuandika "Karibu Kijijini kwa Kaboi Kipusa". Likaamuliwa pia jambo la vumbi.

"Hizi sakafu za uwanja zinang'aa mno," alisema Mama Kipusa, mikono kiunoni. "Kwenye picha za wenzetu kuna vumbi. Jekundu."

Miaka minne Dada ameamka alfajiri kupambana na vumbi la uwanja ule. Amelifagia, amelimwagia maji, amegombezwa kwa ajili yake. Jumatano vumbi lililetwa na gari, likamwagwa mbele ya mlango, na yeye akapewa koleo alitandaze vizuri.

"Lisiwe nene sana," Mama Kipusa alimwelekeza. "Liwe la asili."

"Sawa mama."

"Na ukimaliza ufagie ndani, linaingia."

Katikati ya mambo hayo ilikuja karatasi ya mwenye farasi. Karatasi yenyewe haikuwa na makuu. Farasi ni mmoja, mfupi, anabeba watoto tu, na mwisho wake ni kilo thelathini. Mzazi aandike kila mtoto na uzito wake. Mwenye farasi atakuja siku mbili kabla, amzoeshe mnyama uwanja, na ampime yule atakayepanda wa kwanza.

Mtu mwingine angewapigia simu wazazi wenzake akauliza. Mama Kipusa alikaa kwenye kochi, akaweka karatasi juu ya paja, akawagawia watoto ishirini na nane uzito kwa dakika kumi, kama anayegawa peremende. Wa mjumbe fulani ishirini, wa mjumbe mwingine ishirini na moja. Alipofika kwa pacha wa Mama Pacha, yule wa bwawa la kuogelea, alitabasamu peke yake, akaandika thelathini na tatu, thelathini na tatu. Pacha wale ni wembamba kama njiti za kiberiti. Ukiwaweka wote wawili kwenye mizani moja na mabegi yao ya shule ndiyo ufike huko. Kisha akaandika Kipusa: ishirini na sita.

Dada alikuwa anapangusa meza. Hakukusudia kusoma, ila herufi zilikuwa kubwa.

"Mama, juzi Kipusa alipokuwa na homa nesi alimpima. Alisema kilo thelathini na saba."

"Nesi alimpima na viatu."

"Alikuwa pekupeku, mama. Nilimvua mwenyewe."

"Basi ni homa," alisema Mama Kipusa. "Homa inavimbisha. Wewe pangusa meza."

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Kuna watu wanaomdanganya mume, kuna wanaomdanganya bosi, na hao angalau unaelewa wanataka nini. Mama Kipusa aliamua kumdanganya farasi.

Alhamisi mwenye farasi akaja. Nyumba nzima ilitegemea jibaba lenye buti na mkanda wa chuma. Akashuka mzee mfupi wa miguu ya matege, kavaa kandambili na sweta lililotoboka kiwiko, akamtoa mnyama wake kwenye gari taratibu huku anamwongelesha kama mgonjwa. Farasi alikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, tumbo la duara, nywele za shingo zimemfunika jicho moja. Kimo chake kilimfika Dada kifuani. Alitazama vumbi, akatazama ubao wa karibu, akaona marobota. Hapo ndipo alipoinama, na hapo ndipo jirani alipoanza kutunga.

"Mkubwa wetu yuko wapi?" mzee aliuliza, akitoa mizani ya bafuni kwenye mfuko.

Kipusa alitoka mbio, fulana, nyuzi, kofia, buti, vyote. Hakuitazama mizani. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye pua ya farasi, akasimama, akanyoosha kiganja. Mzee akamwangalia Dada.

"Nani kamfundisha kunyoosha kiganja hivyo?"

"Mimi," alisema Dada. "Ng'ombe wanapenda hivyo."

"Na farasi ndivyo."

"Tuanze, mzee wangu," Mama Kipusa aliingilia, simu juu tayari kwa picha. "Huna haja ya kupima. Nimekuandikia kila kitu."

"Watu huandika uzito kama wanavyoandika umri, mama. Njoo mjukuu wangu, panda hapa."

Kipusa akapanda mizani. Mzee akainama akasoma, akanyanyuka, akaitazama karatasi, akainama tena.

"Thelathini na tisa."

"Buti hizo," alisema Mama Kipusa. "Vua buti."

Buti zikavuliwa. Mkanda ukavuliwa, kofia ikavuliwa, na fulana ya nyuzi iliyoshonwa kwa wiki mbili ikavuliwa, mtoto akabaki na singlendi katikati ya uwanja uliotandazwa vumbi la asili, kule ukutani kichwa cha jirani kikielea. Mizani ikasema thelathini na saba na nusu. Kipusa alikuwa bado anacheka, maana farasi alikuwa anamnusa sikio, lakini alikuwa ameanza kuwaangalia wakubwa usoni, mmoja mmoja.

"Mizani yako mbovu," alisema Mama Kipusa.

"Panda wewe, mama, tuone."

Mama Kipusa hakupanda.

"Basi akae tu," alisema. "Asitembee. Akae juu, nipige picha, ashuke. Dakika moja."

"Farasi hajui kama ni picha," mzee alijibu bila kupandisha sauti. "Mgongo ni ule ule. Huyu ana miaka kumi na tisa, mama. Nikimvunja leo, kesho nampandisha nani?"

"Mzee wangu, ni siku ya mtoto. Fanya utu."

"Ndio naufanya."

Kisha akamgeukia Kipusa, akamkabidhi kamba. "Wewe ni mkubwa, huwezi kuwa abiria. Wewe ni mwenye farasi. Mwongoze mpaka kule kwenye ubao, mrudishe. Usimvute. Tembea tu, atakufuata."

Kipusa akatembea. Farasi akafuata. Walizunguka uwanja mara moja, mara mbili, mtoto na singlendi yake, mnyama na tumbo lake, vumbi linatimka nyuma yao kweli kama kwenye sinema. Safari ya tatu Kipusa alikuwa anamweleza farasi habari za shule. Dada aliona mabega ya mtoto yameshuka, yametulia, akajua hapa pamepona.

Ila Mama Kipusa alikuwa hatazami huko. Alikuwa amempigia katibu.

"Eti ashike kamba," alisema kwenye simu, sauti chini lakini si chini sana. "Mwanangu. Siku yake mwenyewe awe mtumishi wa farasi, watoto wa Mama Pacha wako juu wanapunga mkono. Hapana. Afadhali nisifanye kabisa." Akasikiliza. "Haiwezekani kuahirisha, vumbi limeshamwagwa." Akasikiliza tena, kwa muda mrefu zaidi. "Siku mbili? Unapunguza kiasi gani kwa siku mbili? ... Kweli? Yule bibi harusi alipunguza kilo saba?"

Mzee alipakia farasi wake, akasema Jumamosi atakuja saa nane kamili na mizani ile ile, akaondoka. Kipusa alimsindikiza mpaka getini kwa miguu mitupu, akarudi ana njaa ya mtu aliyefanya kazi.

Jikoni wali ulikuwa umeiva na maharage yanachemka pole pole. Mama Kipusa aliingia akafunga mlango. Si kawaida yake kuingia jikoni. Alisimama kama mgeni, hajui aweke wapi mikono.

"Dada. Kuanzia leo mpaka Jumamosi mtoto asile."

Dada alifikiri hakusikia vizuri. "Asile nini, mama?"

"Asile. Maji na ndimu. Akizidi kulia mpe tango. Siku mbili tu, hakuna mtoto aliyekufa kwa siku mbili."

"Atapungua kilo saba na nusu kwa tango?"

"Usinifanyie hesabu." Akavuta pumzi, akabadilisha sauti, akailainisha, akampaka mafuta. "Sikia mdogo wangu. Nikimnyima mimi atanichukia, namjua mtoto wangu. Wewe anakusikiliza. Ukimwambia wewe ni mchezo, atacheza. Mwambie kaboi wa kweli hawali kabla ya kupanda farasi."

Dada alimtazama. Miaka minne hajawahi kuitwa mdogo wangu. Aliutazama uso ule uliopakwa poda, vumbi jekundu limegandia kwenye poda, na kitu alichokiona hakikumtia hofu hata kidogo. Kilimtia kinyaa, kama unapofunua sufuria ukakuta wali wa juzi. Mama mzima anaogopa kidole gumba kisitumwe kwenye simu, anataka kumfungisha mtoto wa miaka saba, na hata njaa yenyewe anataka iletwe na mkono wa mwingine.

"Watu hufanya hivyo, Dada. Hata waigizaji."

Maharage yalichemka. Dada alipunguza moto.

"Nakuomba," alisema Mama Kipusa. Neno lilimtoka kwa shida, kama kiatu kinachobana. "Unanisikia? Nakuomba."

Mlango ukasukumwa. Kipusa aliingia na nyuzi za nyasi kichwani, mikono imelowa mpaka viwiko, akaivuta sahani yake toka kwenye kabati la chini, ile ya bluu, akaishikilia kwa mikono miwili mbele ya kifua.

"Dada, nimenawa," alisema. "Farasi alipenda stori zangu. Leo nipakulie mengi."

Mama Kipusa alitoa jicho. Si kwa mtoto. Lilimwangukia Dada, likamng'ang'ania, likimkumbusha.

Dada alishika upawa. Akapakua wali na maharage, akaijaza sahani ya bluu mpaka ukingoni.