Asali ya Kimaiyo

Kipketer alikubali safari ya Baringo mara tu aliposikia askari wa msafara angekuwa nani. Miaka mingine Bwana Prentis, mwenye shamba kule Solai, alilazimika kumbembeleza mpishi wake kila alipotaka kwenda kulala porini, kwa sababu Kipketer hakupenda vumbi liingie kwenye supu. Mwaka huo wa 1957 hakubembelezwa. Aliuliza jina la askari wa wanyama aliyepangiwa kuwalinda, akaambiwa ni Kimaiyo, akaenda kufunga sufuria.

Kisa chao kilijulikana kwa watu wa bonde lile, ingawa hakikusemwa kwa sauti. Miaka sita nyuma, Kimaiyo alikuwa ameleta askari wenzake wa Nakuru kwenye boma la mzee Chesire, baba yake Kipketer, karibu na Mogotio. Chini ya mahindi walitoa ngozi mbili za chui. Mzee alisema hajawahi kuziona. Mahakama ilisikiliza mashahidi, ikamfunga, na kabla ya mvua kubwa akafa kwa kichomi katika jela ya Nakuru. Kimaiyo alishonewa tepe begani.

Kipketer aliziona zile ngozi siku ya kesi, zikiwa juu ya meza. Kila moja ilikuwa na tundu la risasi. Chesire hakuwa na bunduki maishani mwake, alikuwa na upinde. Katika nchi ile yote, kutoka mtoni hadi kwenye majabali, Mwafrika aliyetembea na bunduki alikuwa mmoja, naye ndiye aliyekuwa amesimama akitoa ushahidi. Mahakama iliuliza ngozi zilipatikana wapi. Haikuuliza chui waliuawa na nini.

Tangu siku hiyo Kipketer hakumtukana Kimaiyo, hakumvizia, wala hakumtuma mtu. Alifanya jambo moja tu: hakula chochote kilichotoka mkononi mwake. Kwao jambo hilo lilikuwa na uzito kuliko matusi. Mtu akionja chakula cha adui wa nyumba yake, uadui umekwisha; hawezi tena kumwinulia mkono wala kumpeleka mbele ya wazee. Na asipoonja, kila anayemwona ataanza kujiuliza kwa nini.

Safari hii aliyetakiwa kujiuliza alikuwa Kiplangat, mnyapara wa wapagazi, mtu wa Marigat mwenye heshima kubwa na maneno machache. Kimaiyo alikuwa anamposa binti yake, Chepkorir. Wazee walikuwa wamekutana mara mbili na kupatana karibu kila kitu. Kipketer alizijua habari hizo, na ndiyo sababu alikubali vumbi.

Walipiga hema chini ya majabali yanayotazama ziwa, kwa kuwa Bwana Prentis alikuwa na mapenzi ya kuchora ndege, na ndege wakubwa walitua pale. Mchana alikaa juu ya mwamba na rangi zake. Jioni alivaa koti na tai, naye mkewe, memsahib, akavaa shanga, wakakaa na daktari mmoja wa Nakuru na mkewe kwenye meza yenye kitambaa cheupe, glasi na vijiko vya fedha, huku mbu wakiwauma miguuni. Memsahib alitaka porini paliwe kama hotelini. Kipketer alizoea. Alioka mikate na keki ndani ya debe lililofukiwa kwa makaa, akatoa supu, kisha samaki wa ziwani, kisha nyama, kisha kitu kitamu, kila sahani ikifika mezani ikiwa moto.

Siku ya kwanza Kimaiyo aliua swala, akaleta paja jikoni. Kipketer aliwapikia wageni, akawagawia wapagazi, yeye akala ugali mkavu kwa chumvi. Kimaiyo alicheka, akauliza kama mpishi wa keki ameokoka siku hizi hata nyama hali. Siku ya pili alileta maziwa ya ngamia kutoka kwa wafugaji, akamimina kwenye vikombe vya wote. Kipketer alikishika kikombe chake, akamkabidhi Kiplangat mbele ya wote, akasema asante, anywe yeye mzee.

Kiplangat alikunywa. Kisha akamtazama mkwe wake mtarajiwa kwa muda.

Baadaye alimwita kando, wakaongea nyuma ya lori. Kipketer hakuhitaji kusikia. Jibu alilijua, kwa sababu Kimaiyo alikuwa amelitoa kwa kila mtu kwa miaka sita. Alisema yeye hana neno na nyumba ya Chesire. Kama kijana amenuna, hiyo ni shida ya kijana. Lakini Kimaiyo aliporudi motoni alikuwa amepoteza utani wake, na alimtazama Kipketer jinsi mtu anavyotazama mlango uliofungwa kwa nje.

Siku ya tatu ilikuwa ya kanga. Daktari aliwapiga ndege hao risasi asubuhi, na memsahib akataka waokwe na mchuzi mtamu, kama aliokula zamani katika hoteli moja kubwa ya Nairobi. Alikuja jikoni mwenyewe akiwa na chupa ya jemu iliyojaa asali nyeusi ya mlimani.

"Kipketer, tumia hii," alisema. "Mzuri sana."

Kipketer alidhani imetoka kwenye sanduku lake la vyakula, mlimokuwa na chupa za kila aina. Aliyeyusha asali kwa mafuta ya kanga, akatia siki na pilipili manga, akaacha ichemke polepole. Kisha akafanya anachofanya kila mpishi. Alichovya kijiko, akapuliza, akaonja. Ilihitaji chumvi kidogo. Akatia, akaonja tena.

Upande wa pili wa moto Kimaiyo alisimama. Alingoja hadi wapagazi wote walipogeuka kumtazama, akapiga makofi mara moja kama mtu anayefungua baraza.

"Mmeona wenyewe," alisema. "Kipketer amekula asali yangu. Nimeitoa kwenye mzinga wangu, nikampa memsahib, na mwana wa Chesire ameila. Mara mbili. Baba Chepkorir, umeona?"

Kiplangat alisema ameona.

"Basi maneno yamekwisha. Kuanzia leo mtu asiniulize habari za nyumba hiyo."

Kipketer aliweka kijiko chini. Mkono wake ulielekea kwenye kisu cha kukatia nyama kabla hajaujua unakwenda wapi. Aliurudisha. Akafunika sufuria ili mchuzi usikauke, akafuta vidole kwenye aproni, akafikiria ni nini hasa kilichosemwa.

"Hiyo ilikuwa asali ya nini?" aliuliza.

"Ya nini vipi?"

"Nauliza. Uliitoa ya nini?"

"Ya amani," Kimaiyo alisema. "Kwani hujui mila zenu? Ni asali ya amani, na wewe umeila."

"Amani ya kosa gani?"

Mmoja wa wapagazi alikohoa, mwingine akaacha kuchokonoa moto. Kiplangat, aliyekuwa amekaa juu ya gogo, alijisogeza mbele polepole.

"Mimi ningependa kusikia hilo," alisema. "Kwetu asali haipelekwi na mkosewa. Anayebeba asali ni yule aliyekosa. Na wewe jana, nyuma ya lori, uliniambia huna neno na nyumba hiyo."

Kimaiyo alicheka, lakini peke yake. Alisema wanakuza mambo. Ilikuwa asali tu, ya kutia kwenye mchuzi wa wazungu. Yeye alikuwa anatania.

Kipketer alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa hesabu.

"Sawa. Kama ni asali ya mchuzi, basi sijala amani yoyote. Kesi ya baba yangu iko palepale ilipokuwa, na mzee hapa atampa binti mtu mwenye kesi ya kifo. Kama ni asali ya amani, nimeila, na sitakugusa maisha yangu yote. Lakini utataja kosa. Chagua moja. Mimi nina kanga wa kutoa."

Akageuka, akafukua debe kwenye makaa. Wageni walikuwa wamemaliza samaki, na kengele ndogo ya memsahib ililia. Alipanga vipande vya kanga kwenye sahani kubwa, akamwagia mchuzi, akaipeleka mezani. Bwana Prentis alionja, akafumba macho, akamwambia daktari kwamba hata Nairobi hakuna mtu anayepika hivi. Kipketer alisema asante bwana, akakusanya sahani za samaki.

Aliporudi jikoni Kimaiyo alikuwa anamngoja kando ya ndoo ya maji, mbali na wengine. Alizungumza kwa sauti ya chini. Alimwomba aseme kitu kimoja kidogo tu: kwamba hakujua asali ilikuwa ya nani. Huo ulikuwa ukweli, sivyo? Mtu asiyejua hajala chochote. Waseme hivyo wote wawili, mchezo ufutwe, kila mtu arudi alipokuwa. Akamwita ndugu yangu.

Kipketer alisuuza sahani. Kweli hakujua. Kimaiyo alikuwa ameiba hata kuonja kwake, kama alivyoiba jina la mzee, na sasa alitaka mwizi na aliyeibiwa wakubaliane kwamba hakukuwa na wizi. Alikausha sahani, akaiweka juu ya nyingine, akarudi motoni ambako watu wote walikuwa wamekaa, Kimaiyo akimfuata.

"Nimeila," Kipketer aliwaambia. "Ilikuwa tamu. Sasa aseme."

Kiplangat hakumharakisha. Alitoa ugoro wake, akavuta, akapiga chafya, akangoja, na watu walingoja naye. Mwishowe Kimaiyo alivua kofia yake ya kazi, akaiweka gotini na kuongea akiwa ameinamia ile kofia.

"Zile ngozi nilizitia mimi. Wakubwa walikuwa wanataka mtu. Nilitakiwa kuleta mtu."

"Chui uliwaua wewe?" Kipketer aliuliza.

"Niliwaua mimi."

"Sema jina la aliyefungwa."

"Chesire."

Kiplangat aliinuka. Hakupaza sauti wala hakumtukana. Alisema tu kwamba binti yake hajakomaa, na kwamba atawaambia wazee wasikutane tena. Watu wote walijua Chepkorir ana miaka ishirini. Asubuhi, Kimaiyo alipogawa tumbaku yake kama kawaida, mikono haikunyooshwa, na mzigo wake wa kulalia aliubeba mwenyewe hadi kwenye lori.

Kipketer hakuwa amemaliza. Alimwambia Kiplangat, kwa adabu yote, kwamba amani iliyoliwa porini ni nusu. Aliyekosewa zaidi hakuwapo. Kiplangat alisema hilo ni kweli. Kwa hiyo siku ya kurudi, lori lilipofika Mogotio, Kipketer alimwomba Bwana Prentis ruhusa ya kumsalimia mama yake wakati injini ikipumzishwa. Bwana alisema aende, akatoa daftari lake achore korongo aliyesimama majini. Kiplangat alishuka pia. Alimgeukia Kimaiyo, akamwambia avue koti la kazi aliache kwenye lori, kwa kuwa mahali wanapokwenda hakuna mtu wa kukamata.

Chepkosgei alikuwa uani akipepeta wimbi. Alimwona mwanawe, akamwona mzee asiyemjua, kisha akamwona yule aliyesimama nyuma yao kwa fulana, na ungo ukasimama mikononi mwake. Kipketer alimsalimia, akamwambia mtu huyu ana maneno yake na inafaa ayaseme mwenyewe. Hakuongeza neno.

Kimaiyo aliyasema. Aliyasema haraka, macho chini, ngozi, risasi, mahindi, jina. Majirani walikuwa wameanza kujitokeza kwenye ua, wanawake wawili na mzee mmoja mwenye mkongojo. Alipomaliza alipiga hatua moja nyuma, kama mtu aliyelipa na sasa anataka kuondoka.

Chepkosgei aliweka ungo chini. Akavuta kigoda, akakaa, akatengeneza leso yake magotini.

"Bado," alisema. "Mwanamke wa ng'ambo ya mto ndiye aliyeacha kunisalimia tangu ile kesi. Mwiteni. Halafu wewe utaanza upya, na useme polepole."

Mtu alikwenda kumwita. Kutoka barabarani lori lilipiga honi, mara moja, kisha tena. Kipketer alisikia, lakini hakugeuka.